Sura ya Nne: Ripoti Haifii Kabatini

Kila nikikaa na wahadhiri wenzangu, wimbo ni ule ule: wakubwa hawasomi. Ripoti inakabidhiwa, picha zinapigwa, kisha kabatini, mende waipokee. Wimbo huu umenichosha. Wakubwa kweli hawasomi sana, lakini tunaoimba tunajifariji bure, kana kwamba wangesoma tu mambo yangenyooka.

Mwaka 1979 Mmarekani Carol Weiss alionyesha kwamba utafiti una matumizi mengi. Ile namna tunayoisubiri, mkubwa awe na swali, apewe jibu, alifuate, ni ya nadra. Mara nyingine utafiti hutetea uamuzi uliokwisha kupitishwa. Mara nyingine huahirisha uamuzi: undeni tume, tutakutana baadaye. Na mara nyingi zaidi, kwa maoni yake, huchuruzika polepole vichwani mwa watu mpaka hakuna anayekumbuka wazo lilitoka wapi. Nilikusudia kuzieleza njia hizi moja moja, kila moja na mfano wake. Lakini upo mfano uliozibeba zote, nao ni namba.

George Psacharopoulos, mchumi Mgiriki wa Benki ya Dunia, alikusanya makadirio ya faida ya elimu kutoka nchi nyingi. Katika jedwali lake la mwaka 1985 Uganda imo: faida ya kijamii ya elimu ya msingi asilimia 66, ya chuo kikuu 12. Takwimu zenyewe ni za mwaka 1965, Idi Amin hata hajaingia Ikulu.

Sasa hilo neno “kijamii”. Asiye mchumi akilisikia hufikiria mgonjwa aliyepona na daraja lisiloanguka. Hapana, na hapa lazima tukae kidogo. Unachukua mshahara wa mhitimu na wa aliyeishia sekondari, unapata tofauti yao mpaka kustaafu, kisha unailinganisha na gharama za kusoma. Kwa faida ya mtu binafsi, gharama ni alizotoa mwenyewe pamoja na mshahara alioukosa akiwa darasani. Kwa faida ya “kijamii” unaongeza zile za serikali: wahadhiri, mabweni, posho. Upande wa mapato unabaki na mshahara ule ule, safari hii kabla ya kodi. Gharama za jamii nzima zimeingia, manufaa ya jamii yameachwa mlangoni. Daktari anayezuia kipindupindu wilaya nzima anahesabiwa kwa mshahara wake tu! Na mshahara huo alipanga nani? Miaka ile mwajiri mkubwa wa wahitimu alikuwa serikali, hivyo kilichopimwa kwa sehemu kubwa ni ngazi za mishahara ya serikali yenyewe.

Wachumi waliyajua haya, na tahadhari waliziandika. Ila tahadhari hubaki chini kwenye tanbihi, namba ndiyo hupanda ghorofani. Mwaka 1986 Benki ya Dunia ilitoa andiko la ugharamiaji wa elimu likipendekeza wanafunzi wa vyuo vikuu wachangie zaidi, wakopeshwe, na fedha za umma zielekezwe ngazi za chini. Tanzania ilianza uchangiaji wa gharama mwaka 1992. Kenya ikaunda bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, mwaka 1995. Je, namba ndiyo iliyoamua? Sidhani. Hazina zilikuwa tupu na masharti ya wakopeshaji yalikuwa mezani. Ufukara uliamua, namba ikauvisha kanzu.

Mwaka 2000 jopo lililoitishwa na Benki hiyo na UNESCO, chini ya Mamphela Ramphele na Henry Rosovsky, lilisema hesabu ile ilikuwa finyu mno. Mwaka 2014 makadirio mapya yakaiweka elimu ya juu mbele katika Afrika kusini mwa Sahara, takriban asilimia 21 kwa kila mwaka wa masomo. Msikimbilie kupiga vigelegele: hiyo ni faida ya mtu binafsi, wala haijibu lile swali la manufaa ya jamii yaliyoachwa mlangoni.

Kwenye semina moja ya bajeti mjumbe mmoja aliniambia, “Profesa, inajulikana kwamba chuo kikuu humnufaisha mwenye cheti tu.” Nikamuuliza imejulikana wapi. Akacheka, hakumbuki, ripoti yoyote hajawahi kufungua. Kisha akapiga kura, na Uganda ya mwaka 1965 ikapiga pamoja naye.