Rola ya Wino na Herufi ya Kiswahili: Namna Mtambo Unavyorekebishwa na Sababu ya Jambo Hilo Kutuhusu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili huzoezwa tangu awali kuitazama lugha katika viwango vyake: sauti, neno, sentensi na maana. Aghalabu hakumbushwi kiwango kingine ambacho bila hicho asingeisoma hata sentensi moja ya kitabu chake, nacho ni wino uliokaa juu ya karatasi. Wino huo haufiki hapo wenyewe. Hupelekwa na rola, yaani mche wa chuma uliovikwa mpira, ambao fundi huusogeza kwa skrubu kiasi cha unywele mmoja mbele au nyuma. Makala haya yananuia kueleza kazi ya rola hizo, namna zinavyorekebishwa, na kwa nini marekebisho hayo ni suala la lugha kama yalivyo suala la ufundi.

Tuchukue mfano mmoja. Maneno pale, pole na pele hutofautiana kwa irabu moja tu. Herufi a, o na e zote zina tumbo lililozungukwa na mstari, na wino ukizidi matumbo hayo hujaa, herufi zote tatu zikawa doa jeusi lenye umbo moja. Huenda tukajibiwa kwamba muktadha utamsaidia msomaji. Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi, lakini si mara zote. Linganisha “Mwalimu anasoma polepole” na “Mwalimu anasema polepole.” Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi na zote zina mantiki. Kinachozitenganisha ni tumbo la herufi moja. Mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, anayejifunza kwa kitabu kilichochapishwa ovyo, hana pa kukimbilia.

Kutoka mto wa ngozi hadi rola

Tangu enzi za Johannes Gutenberg, katikati ya karne ya 15, wapiga chapa walipaka wino kwa mito miwili ya ngozi iliyojazwa sufi ya kondoo au singa. Fundi aliichovya katika wino, akaigonganisha ili wino usambae, kisha akaipigapiga juu ya herufi za risasi. Kazi hiyo ilitegemea mkono wake, na mkono huchoka.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mitambo ilianza kuendeshwa kwa nguvu za mvuke. Tarehe 29 Novemba 1814 gazeti la The Times la London lilichapishwa kwa mtambo wa Friedrich Koenig, na kwa kasi ya namna hiyo mito ya ngozi haikufaa tena. Ikaja rola. Rola za mwanzo zilizofaulu ziliumbwa kwa gundi ya wanyama iliyopikwa pamoja na asali ya miwa. Zilikuwa laini na zilishika wino vizuri, ila zilikuwa na kasoro moja kubwa: zililegea katika joto, zikavuta unyevu wa hewa na kuvimba, kisha zikakauka na kusinyaa hali ya hewa ilipobadilika. Wapiga chapa wa Ulaya walilazimika kutumia mapishi mawili, moja la kiangazi na jingine la majira ya baridi.

Kasoro hiyo yatupa picha ya mazingira ambamo uchapishaji wa Kiswahili ulianza. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na misheni yao ikawafundisha vijana waliokombolewa kutoka utumwani kupanga herufi na kuendesha mtambo. Gazeti la Msimulizi likatoka kwao mwaka 1888. Sayyid Barghash naye, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alianzisha matbaa iliyochapa vitabu vya Kiarabu. Huko Buganda, Alexander Mackay, aliyewasili mwaka 1878, alichonga herufi za mbao kwa mkono wake. Mambo Leo likaanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923. Fani ya uchapishaji wetu, basi, ilizaliwa katika joto na unyevu wa pwani, mahali ambapo vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya nchi za baridi vilihitaji uangalizi maradufu. Rola za mpira, zisizotishwa sana na hali ya hewa, zilienea baadaye.

Safari ya wino ndani ya mtambo

Mitambo mingi ya karatasi inayopatikana katika karakana za Afrika Mashariki ni ya ofseti. Maarufu miongoni mwake ni Heidelberg GTO, iliyozinduliwa mwaka 1972. Katika mtambo wa namna hii, maandishi huwa juu ya pleti nyembamba ya chuma. Pleti huloweshwa maji kwanza, kisha hupakwa wino. Sehemu zenye maandishi hukubali wino, na sehemu tupu hukubali maji na kuukataa wino. Picha ya maandishi huhamia kwenye blanketi la mpira, na blanketi hulibandika kwenye karatasi.

Wino huanza safari yake katika hori lililo juu ya mtambo. Ukingo mmoja wa hori ni ubapa wa chuma ulioegemea rola ya chuma inayozunguka taratibu. Nyuma ya ubapa huo kuna safu ya skrubu. Skrubu ikikazwa, mwanya kati ya ubapa na rola hupungua na wino hupita kidogo. Ikilegezwa, wino huongezeka mahali hapo tu. Hivyo fundi anaweza kupeleka wino mwingi upande wenye picha na mchache upande wenye mistari michache ya maandishi.

Kisha hufuata rola inayokwenda na kurudi, ikidokoa wino kutoka hori na kuupokeza kundi la rola za kusambaza. Baadhi ya rola hizi huzunguka huku zikiyumba kushoto na kulia ili kufuta michirizi. Mwisho kabisa zipo rola za kupaka, ambazo ndizo zinazoigusa pleti. Aghalabu vipenyo vya rola hizi havilingani, na si kwa bahati. Lau vingelingana, kila rola ingerudia upungufu wa wino mahali palepale na kuacha kivuli cha picha pasipotakiwa. Utando wa wino unaofika kwenye karatasi una unene wa takriban mikroni moja, yaani sehemu moja kwa elfu ya milimita. Si ajabu, basi, kwamba kosa dogo la skrubu huonekana kwa macho.

Namna ya kurekebisha

Rola ya kupaka hugusana na vitu viwili: rola ya kusambaza inayoipa wino, na pleti inayoupokea. Kwa hiyo hurekebishwa mara mbili, na utaratibu una umuhimu. Kwanza huwekwa sawa na rola ya kusambaza, kisha ndipo huwekwa sawa na pleti. Katika mitambo mingi mhimili wa rola umeundwa ili marekebisho ya pili yasiharibu ya kwanza. Anayeanza na pleti hujikuta akirudia kazi, kwa sababu kila anaposogeza rola kuelekea rola ya kusambaza, huiondoa mahali alipokwisha kuiweka.

Njia ya kale ya kupima ni vipande vya karatasi nyembamba au plastiki. Fundi huviingiza kati ya rola na kile inachogusa, kimoja kila mwisho, kisha huvivuta. Mvuto ukilingana pande zote mbili, rola imelala sawa. Njia ya pili hutegemea macho. Rola zilizokwisha kupakwa wino hushushwa juu ya pleti iliyosimama kwa sekunde chache, kisha huinuliwa. Kila rola huacha mstari, na mstari huo husomwa kama maandishi:

Mstari ulio sawa kutoka mwisho hadi mwisho, wenye upana wa milimita 3 hadi 5 kutegemea maelekezo ya mtengenezaji, huonyesha kwamba rola imekaa vyema.

Mstari mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili huonyesha kwamba rola imekazwa zaidi upande mmoja.

Mstari ulionenepa ncha zote mbili huonyesha kwamba mpira umevimba mwishoni, au kwamba sehemu ya katikati imelika.

Mstari uliokatika huonyesha kwamba mpira una shimo au umebonyea.

Ikumbukwe kwamba mstari usiolingana pande mbili hutibiwa kwa skrubu, ila rola iliyolika au kuvimba haiponi kwa kukazwa. Ikikazwa ili katikati ipate wino, ncha zake huikandamiza pleti na kuichakaza. Vilevile mpira hukomaa. Rola mpya ya kupaka huwa na ugumu wa takriban 25 hadi 35 kwa kipimo cha Shore A. Baada ya miaka ya wino uliokaukia ndani yake na madini ya maji, uso wake hung’aa na kuteleza, ukashindwa kushika wino.

Mitambo ya zamani ya herufi za risasi ina njia yake. Katika mitambo midogo ya namna hiyo rola hupita juu ya herufi zikibebwa na vigurudumu vinavyotembea juu ya reli mbili. Kimo cha herufi kwa desturi ya Uingereza na Marekani ni inchi 0.918, karibu milimita 23.3, na rola hupaswa kugusa uso wa herufi bila kuzama. Mpira ukisinyaa, kigurudumu huwa kikubwa kuliko rola na wino huruka baadhi ya herufi. Mpira ukivimba, rola hushuka na kupaka hata kingo za herufi. Ndiyo sababu vilibuniwa vigurudumu vyenye pete ya mpira iliyobanwa kwa nati. Nati ikikazwa, pete hutanuka na kipenyo kuongezeka. Asiyekuwa navyo huongeza utepe juu ya reli zilizolika.

Eldoret na hali yake ya hewa

Mji wa Eldoret, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024, umeinuka takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Eneo hili si geni kwa kalamu na kitabu. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na AMECEA Gaba Publications, iliyoanzia Uganda, ilihamia hapa katika miaka ya 1970. Ila asubuhi za hapa si asubuhi za Mombasa. Wino wa ofseti hukazika katika baridi. Unato wake huongezeka, ukang’oa nyuzi za karatasi na kuacha vidoa vyeupe ndani ya herufi. Katika joto la pwani wino uo huo hulegea na kutiririka, nayo matumbo ya herufi yakajaa.

Kutokana na hayo, vipimo vya skrubu za hori vilivyofaa Mombasa haviwezi kunakiliwa Eldoret, na vile vilivyofaa saa mbili asubuhi huenda visifae saa nane mchana. Fundi mwangalifu huziacha rola zizunguke na wino kwa muda kabla ya kuingiza karatasi, ili zipate joto, kisha hukagua nakala za mwanzo na kuendelea kukagua kazi ikiendelea. Mteja anayemharakisha aanze mara moja hulipia haraka hiyo kwa karatasi zilizoharibika.

Alama ndogo, maana kubwa

Wino ukizidi, matumbo hujaa. Wino ukipungua, au rola ikiruka, alama ndogo ndizo zinazotangulia kupotea. Ritifaa ni mfano bora. Ng’oa ni kuondoa kitu pamoja na mizizi yake. Ngoa ni uchu au wivu. Kinachozitenganisha katika maandishi ni alama ndogo kuliko punje ya mtama. Hali kadhalika maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu hutegemea nukta: be, te na the hushiriki umbo moja katikati ya neno, zikatofautishwa kwa idadi na mahali pa nukta. Nukta moja ikikosekana, neno limebadilika. Msomi anayelinganisha matoleo ya zamani hana budi kujiuliza, kabla ya kudai kuwa mwandishi alikusudia tahajia fulani, iwapo anachokiona ni lahaja, kosa la mpanga herufi, au rola iliyokaa vibaya.

Suala la istilahi

Msomaji atakuwa ametambua kwamba makala haya yametumia maneno kama rola, pleti, blanketi na nati, yanayosikika karakanani, sambamba na matbaa na chapa ambayo lugha yetu imekuwa nayo kwa muda mrefu. Mengine, kama hori, kudokoa na tumbo la herufi, ni ya Kiswahili cha kila siku yaliyopewa kazi ya kiufundi. Tunadai kwamba hiyo ndiyo njia inayofaa. Istilahi iliyobuniwa ofisini pasi na kumsikiliza mtumiaji aghalabu hubaki ndani ya orodha, ilhali fundi huendelea na neno lake. Maarifa ya marekebisho ya rola nayo hupokezwa kwa kutazama na kuiga, na kwa kiasi kikubwa hayajaandikwa kwa Kiswahili. Fundi mzee anapostaafu huondoka nayo.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba rola ya wino hurekebishwa kwa skrubu za hori, kwa mkao wake dhidi ya rola jirani na pleti, na kwa kuzingatia hali ya hewa ya mahali. Yameonyesha pia kwamba katika lugha ambayo irabu moja hugeuza maana, wino uliozidi au kupungua ni kosa la lugha. Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jamhuri ya Kenya pamoja na Kiingereza, na wajibu wa kukichapa vizuri umeongezeka. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wahariri wa majarida ya vyama vyetu waende karakanani wakati kazi yao inapochapwa na kukagua nakala za mwanzo, hasa ritifaa na matumbo ya irabu, kabla ya kuidhinisha mamia yanayofuata. Pili, wanafunzi wa leksikografia wachukue daftari, waketi na mafundi wa mji huu, na kuorodhesha maneno wanayoyatumia kila siku. Kazi hiyo ni nyepesi leo kuliko itakavyokuwa mafundi hao watakapokuwa hawapo.