Mrejeo wa Wanga: Kwa Nini Mkate wa Jana Hukaangika Vyema

Msomaji wetu mmoja aishiye Bagamoyo, mama ambaye kila alasiri hukaanga vitafunio vya kuuza si mbali na soko la samaki, ametuletea suali ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, lakini limewashughulisha wanakemia kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu. Anauliza: mkate wa boflo anaoununua asubuhi, ajapoufunga barabara ndani ya mfuko wake hata upepo wa bahari usipate pa kupenya, kesho yake huwa mgumu vilevile; basi yale maji yaliyokuwamo yamekwenda wapi? Na tena anauliza, mbona mkate huo wa jana, akiuchovya katika mayai na kuutia karaini, hutoka mzima, mkavu kwa nje na laini kwa ndani, ilhali mkate wa leo humvunjikia mkononi kabla haujafika kwenye mafuta?

Sitasimulia hapa habari za hamira na kuumuka kwa unga, kwani hizo zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na kila aliyepata kukanda maandazi anazijua kwa mikono yake. Kilicho azizi kwangu ni lile jambo litokealo baada ya mkate kutoka tanuuni, pale ambapo sote hudhani kwamba kazi imekwisha, kumbe ndani ya mkate uliotulia kimya juu ya meza iko harakati ambayo haikomi kwa siku kadhaa.

Jawabu la suali la kwanza ni kwamba maji hayakwenda popote. Katika mwaka 1852 mkemia wa Kifaransa, Jean-Baptiste Boussingault, aliufungia mkate mahali pasipotoka hata tone la mvuke, na mkate ule ukawa mgumu kama desturi. Kisha akachukua mkate mgumu akaupasha moto hadi kufikia takriban digrii 60 au 70 za Selsiasi, na mara ukarudi kuwa laini, ingawa haukuongezewa maji hata kidogo, bali kwa kupashwa huko ulipoteza sehemu ya yale uliyokuwa nayo. Kwa tajriba hiyo moja ikabatilika itikadi ya watu wote, wapishi na wataalamu, waliokuwa wakishika kwamba mkate kuwa mgumu na mkate kukauka ni kitu kimoja.

Sasa, ili tufahamu yaliyomo, na tuitazame ngoma ya lelemama, ambayo wanawake wa pwani yetu wameicheza katika maharusi tangu zamani. Katika lelemama wachezaji husimama safu, bega kwa bega, wamejipamba kwa nguo za sare, na uzuri wote wa ngoma ile umo katika kule kushikana kwa safu na kutikisika kwa adabu, hata mtu aliye nje hapati upenyo wa kupita katikati yao. Hivyo ndivyo zilivyo molekuli za wanga ndani ya punje ya unga mbichi wa ngano: zimepangana kwa safu zilizobana, na maji yakimwagwa juu yake hubaki nje yakiomba njia. Lakini unga uliokandwa ukiingia tanuuni, na joto lake likapita digrii 60, ni sawa na ngoma kubadilishwa ghafla ikapigwa chakacha. Safu huvunjika, kila mmoja akashika njia yake uwanjani, na maji yaliyokuwa yakingoja huingia baina yao na kukaa. Punje hufura, hulainika, na hapo ndipo tunaposema mkate umeiva.

Mkate ukitolewa tanuuni ukaanza kupoa, ngoma hupungua kasi, na wachezaji, ambao kwa tabia yao hupenda safu kuliko vurugu, huanza kutafutana tena. Wa kwanza kurudi ni wale wanaoitwa amilosi, ambao ni molekuli ndefu zilizonyooka zisizo na matawi. Hao ni mabinti wasio na mtoto wa kubeba wala mzigo wa kuangalia, na kwa muda wa saa chache tu wamekwisha kupangana, ndiyo sababu mkate wa moto moto hubondeka chini ya kisu na ule uliopoa hukatika slesi nzuri. Nyuma yao huja amilopektini, ambazo kila moja ina matawi kwa mamia, nazo ni kina mama wenye watoto walioshika pindo za kanga kila upande. Hawa hawawezi kurudi kwa haraka, bali hutanguliza ncha za matawi yao, tawi hili likakutana na jirani lake, na lile na lake, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata safu ikajengeka. Na pale bega linapokutana na bega, baadhi ya maji yaliyokuwa huru baina yao hufungwa humohumo ndani ya safu. Ukiupima mkate kwa mizani, uzito wake ni uleule. Ukiutia mdomoni, ulimi hauyapati yale maji, nao hukuambia kwamba mkate ni mkavu.

Lililo ajabu zaidi ni kwamba wachezaji hawarudi katika nafasi zao za asili. Mtaalamu wa Kiholanzi, Johan Rudolf Katz, aliyeutazama mkate kwa miale ya eksirei katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, aliona kwamba safu za wanga wa mkate uliolala si zile za punje ya ngano mbichi, bali ni za mtindo mwingine, ule unaoonekana katika wanga wa kiazi. Kwa hiyo mkate wa jana haukurudi kuwa unga, wala haukubaki kuwa mkate wa jana asubuhi. Umekuwa kitu cha tatu.

Na joto nalo lina hukumu yake. Katika ukali wa jua la Bagamoyo wachezaji hawatulii mahali pamoja, kwa hiyo safu huchelewa kushikana. Katika friji, ambamo joto ni kama digrii 4, wametulia vya kutosha kutafutana na bado wana nguvu ya kusogea, na hapo mkate huwa mgumu upesi kuliko mahali pengine popote. Na katika jokofu la kugandisha, digrii 18 chini ya sifuri, hakuna awezaye kuinua mguu, na kila mmoja hubaki pale alipokutwa. Basi mtu anayeutia mkate frijini kwa nia ya kuuhifadhi ulaini wake anauharakisha ugumu kwa gharama ya umeme wake mwenyewe.

Jambo hili wataalamu wamelipa jina katika lugha zao, na sisi tunalihitaji letu, kwani tukisema mkate “umekauka” tunarudia kosa ambalo Boussingault alilisahihisha, na tukisema “umechacha” tunaufanya kiporo cha wali. Nimefikiri juu ya “ujipangaji,” lakini lina harufu ya ofisi. Mimi nachagua “mrejeo wa wanga,” kwa kuwa wanga unarejea kwenye safu, na kwa kuwa mpishi akilisikia atajua mara moja kwamba kinachorejea huweza kutawanywa tena.

Na kutawanywa huko ndiko kunakofanyika mkate unapopashwa. Joto likifika digrii 60 na kitu, zile safu za amilopektini huvunjika, maji yakafunguliwa, na ulaini ukarudi. Lakini safu za amilosi, wale mabinti waliotangulia, haziachani mpaka joto lipite kwa mbali lile la kuchemsha maji, na ndani ya mkate joto hilo halifiki maadam maji yamo. Ndiyo maana mkate uliopashwa hupendeza lakini haulingani na wa siku ya kwanza, tena sharti uliwe papo kwa papo.

Tuje basi kwenye karai. Mkate wa leo una kuta laini baina ya vijishimo vyake. Ukichovywa katika mayai, kuta hizo hunywa kwa pupa, hulegea, na slesi nzima huanguka kwa uzito wake. Mkate wa jana una kuta zilizosimamishwa na mrejeo wa wanga, kwa hiyo mayai hupita ndani ya vijishimo na kuvijaza, na kuta zikabaki wima. Joto la mafuta likiingia, ute wa yai huanza kuganda katika digrii 62 hivi na kiini baadaye kidogo, na katika muda huohuo, kwa joto lilelile, safu za wanga zinaachia maji yake. Yaani yai linajenga nguzo mpya wakati uleule ambapo nguzo za zamani zinavunjwa. Sijui kama iko amali nyingine ya jikoni yenye mpango mwema kuliko huu. Na kwa sababu iyo hiyo chenga za kuvikia katlesi hutengenezwa kwa mkate uliolala, ambao ukifikichwa hupukutika punje punje, ilhali mkate mpya hufanya madonge.

Sanaa hii si yetu peke yetu. Katika miji ya bandari ya Malacca, Penang na Singapore iko jamii ya Peranakan, iliyotokana na wafanya biashara wa Kichina waliooana na wenyeji wa Kimalay, na wanawake wao, ambao huitwa Nonya, wamejenga upishi wa nazi, pilipili na viungo ambao mtu wa Mrima akiuonja hatajiona mgeni. Wao huchukua kipande kinene cha mkate, wakakipasua mfuko ubavuni, wakajaza nyama ya kusaga iliyokolezwa viungo, wakakichovya katika mayai na kukikaanga ndani ya mafuta mengi. Nyama yao kwa asili ni ya nguruwe, wakiichanganya pengine na kaa. Lakini pwani ya kuanzia Kunduchi hadi Saadani imeruzukiwa kamba wa baharini, na kamba ndio wanaofaa zaidi kwa kazi hii, si kwa ladha tu bali kwa kemia.

Kamba waliomenywa wakipondwa kinuni pamoja na chumvi, ambayo Bagamoyo haina haja ya kuiagiza mbali kwa kuwa mashamba ya chumvi yapo papo hapo kando ya bahari, chumvi ile huiyeyusha protini iitwayo maiosini kutoka katika nyama, na nyama ikawa ute wenye kunata. Ute huo huushika mkate bila ya unga wala yai la kuunganishia, na ukipata moto hufanya wavu usioachia. Tia humo kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo, tangawizi, pilipili mbichi, majani ya giligilani na kamulio la ndimu, lakini ndimu itiwe mwisho kabisa baada ya kuponda, kwa sababu asidi yake ikitangulia huigandisha protini kabla haijapata kunata. Jaza mkate, uchovye pande zote mbili, uache kidogo sahanini mayai yazame hata katikati.

Mafuta yawe na joto la digrii 170 hadi 180, na asiye na kipimo atupe chembe ya mkate: ikipiga mapovu mara moja na kugeuka rangi ya dhahabu bila kuungua, mafuta yako tayari. Rangi hiyo ndiyo ile aliyoieleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, ya sukari na protini kuungana kwa moto na kuzaa harufu zisizohesabika. Mkate wenye ukungu, au unaovutika nyuzi na kunuka mfano wa nanasi lililoiva mno, haumo katika maneno haya, na hutupwa wote.

Muda wote mkate unapochemka karaini, mvuke unatoka ndani kwa nguvu na kuyazuia mafuta yasiingie. Mapovu yakipungua, maana yake maji ya ganda yamekwisha na ulinzi unakaribia kuondoka. Mafuta mengi tunayoyala katika kitu kilichokaangwa huingia baada ya kuopolewa, wakati mvuke uliomo ndani unapopoa na kusinyaa na kuyavuta yale yaliyoganda juu ya ngozi. Kwa hiyo mwuzaji asivirundike vitafunio sahanini vikichuruzika, bali kila kimoja akiopoe kwa upawa wa matundu, akikung'ute juu ya karai, na akisimamishe kwa ubavu juu ya chekecheke kingali kinafuka moshi.