Ukleri: Ugonjwa Unaompata Padre na Mlei



Ndugu msomaji, neno "ukleri" limesikika sana katika Kanisa miaka ya karibuni, na wapo wanaodhani ni silaha ya kuwapiga vita mapadre. Tuanze basi kwa kulieleza. Makleri ni mashemasi, mapadre na maaskofu, yaani waliopokea Sakramenti ya Daraja Takatifu, ambayo ni zawadi ya Kristo kwa Kanisa lake. Ukleri ni kitu kingine. Ni fikra kwamba aliyepokea Daraja ni Mkristo wa hadhi ya juu kuliko wengine, kwa hiyo haulizwi wala hatoi hesabu. Na kwamba kazi ya mlei ni kuketi, kusikiliza na kutoa zaka.

Kanisa linafundisha nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Lumen Gentium tarehe 21 Novemba 1964. Hati hiyo inazungumzia kwanza Taifa zima la Mungu (sura ya 2), kisha ndipo inaeleza hierarkia (sura ya 3). Kinachotuunganisha sote, yaani Ubatizo, kinatangulia.

Katika namba 10, Mtaguso unafundisha kuwa ukuhani wa waamini wote na ukuhani wa daraja vinatofautiana kwa asili, si kwa kiwango tu. Hapa falsafa inatusaidia. Vitu vinavyotofautiana kwa kiwango hupimwa kwa mizani moja: maji ya moto yana joto kuliko ya vuguvugu. Kama tofauti ya padre na mlei ingekuwa ya kiwango, padre angekuwa Mkristo zaidi, na mlei Mkristo pungufu. Lakini tofauti yao ni ya asili, kwa hiyo mizani hiyo haifai. Padre anaadhimisha Ekaristi na kuondolea dhambi kwa nafsi ya Kristo, jambo ambalo mlei hawezi kulifanya. Hata hivyo analifanya ili waliobatizwa wawe watakatifu, wala halimfanyi yeye bora kuliko wao. Anayesema padre na mlei ni sawa katika kila jambo amekosea. Na anayesema padre ni Mkristo zaidi amekosea vilevile.

Mashahidi wa Uganda

Mwaka 1882 wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda, wakarudi mwaka 1885. Kwa muda wote huo hapakuwa na padre. Walei, miongoni mwao Yosefu Mukasa Balikuddembe, waliendelea kusali pamoja na kufundisha wenzao. Dhuluma ilipowaka mwaka 1886, Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni kabla ya kuuawa. Mashahidi wote 22 Wakatoliki walikuwa walei. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, mwezi mmoja tu kabla ya kutolewa kwa Lumen Gentium. Imani ya Afrika Mashariki, basi, haikujengwa na mapadre peke yao.

Milango miwili

Ukleri huingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni wa padre anayeona parokia kuwa mali yake. Wa pili ni wa sisi waamini. Jumuiya isiyoweza kupanga hata usafi wa kigango mpaka Paroko aseme, na mwamini anayeona kosa akanyamaza kwa hofu ya laana, nao wanaulea ukleri. Papa Fransisko, katika barua yake kwa Taifa la Mungu ya Agosti 2018, alieleza kuwa ukleri unaweza kukuzwa na mapadre au na walei, akauhusisha na dhuluma walizotendewa watoto. Hapa ndipo penye uzito wa suala hili: mahali ambapo padre haulizwi, aliyeumizwa hana pa kusemea.

Sheria za Kanisa hazitaki ukimya huo. Kanuni ya 212 inawapa waamini haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kwa heshima. Kanuni ya 537 inadai kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Kanuni ya 1287 inataka waamini wapewe hesabu ya mali walizotoa. Kusoma mapato na matumizi kanisani, basi, si hisani ya Paroko.

Tiba

Tiba si kumgeuza mlei kuwa padre mdogo, anayehesabiwa kuwa wa maana pale tu anaposimama altareni. Mwito wake hasa uko ulimwenguni: katika familia, sokoni, shuleni, katika siasa. Mwalimu anayekataa rushwa ya mtihani anatekeleza ukuhani wake wa Ubatizo.

Kwetu mafrateri, tiba inaanza sasa, kabla ya Daraja. Tukienda likizo parokiani tunawekewa kiti cha mbele na sahani ya kwanza. Wazee wanatupa heshima hiyo kwa upendo, nasi tuipokee kwa shukrani. Lakini tukiizoea kama haki yetu, upadrisho hautatuponya. Tukae pia katika Jumuiya Ndogo Ndogo kama wasikilizaji, tuoshe vyombo, tukubali kusahihishwa na katekista aliyefundisha dini kabla hatujazaliwa.

Nanyi waamini, waombeeni mapadre wenu, watunzeni, na waambieni ukweli. Kristo aliyewaosha miguu mitume wake hakupoteza mamlaka yake kwa kufanya hivyo.