Je, Wajua? Kwa Baiskeli Hadi Chimbuko la Mkonge

Ukitoka na baiskeli mjini Pangani, mkoani Tanga, ukavuka mto kwa kivuko hadi Bweni na kushika njia ya kusini, unafika Kikogwe, mahali mkonge ulipopandwa kwa mara ya kwanza Tanganyika. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu! Hiyo ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Tanga.

Ni njia tamu mno: minazi, mikonge iliyojipanga kama askari, upepo wa bahari, na vijiji ambako salamu haziishi. Anza alfajiri, kabla jua halijawa kali. Beba maji, pampu na viraka. Ukikaribia Hifadhi ya Taifa ya Saadani, geuza baiskeli: humo mna simba.