Je, Wajua? Kijiko Mbele ya Trekta Dogo

Je, wajua kwamba trekta dogo la bustani likifungwa kijiko mbele, ekseli ya mbele hubeba zaidi ya kile kilichomo kijikoni? Chukua kilo 100 za mchanga zikiwa mita 1.2 mbele ya ekseli hiyo, kwenye trekta ambalo ekseli zake mbili zimeachana mita 1.2. Ekseli ya mbele inaongezewa kilo 200, si 100. Zile kilo 100 za ziada zimehama kutoka magurudumu ya nyuma, ambayo sasa yanagusa ardhi kwa wepesi na kuteleza hata pasipo na tope. Na chuma cha kijiko chenyewe hatujakipima.

Je, wajua kwamba wasukuma mikokoteni wa Kariakoo, Dar es Salaam, hupiga hesabu hii kila asubuhi bila karatasi? Ekseli ya mkokoteni, iliyotolewa kwenye gari kuukuu, hukaa chini ya mzigo, na magunia hupangwa mbele na nyuma yake mpaka mikono ya kushikia iwe myepesi. Kijiko hakina nafasi hiyo, maana mzigo wake uko nje ya magurudumu siku zote. Dawa ni kuweka uzito nyuma: kilo 100 zikining'inia sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma zinaipunguzia ekseli ya mbele kilo 50. Ndoo ya lita 20 iliyojaa zege ina karibu kilo 48, kwa hiyo ndoo mbili zinakaribia kilo hizo 100.

Je, wajua kwa nini nguzo zinazoshikilia kijiko hazifungwi kwenye mwili wa trekta peke yake? Matrekta mengi ya bustani yana mwili wa bati lililokunjwa, uliotengenezwa kubeba injini, dereva na mashine ya kukata majani. Ukiweka bolti za nguzo hapo, matundu huanza kutanuka na kuwa marefu kama yai, kisha ufa hutoka kwenye tundu na kutembea. Ndiyo maana fundi makini huunda kwanza fremu ya chini: paipu mbili za mraba zinazopita pande zote mbili chini ya injini, kuanzia mbele hadi kwenye ekseli ya nyuma, zikiunganishwa kwa vyuma vya kukingama mbele, chini ya nguzo, na nyuma kabisa. Kijiko kikisukuma kifusi, nguvu inapita kwenye fremu hii hadi kwenye magurudumu yanayosukuma, na bati la trekta linaachwa na kazi yake ya zamani. Hili ndilo jambo kubwa katika kazi nzima. Nimeona watu wakinunua chuma kinene zaidi badala ya kuuliza nguvu itapita wapi, na unene huo ukawaongezea uzito tu.

Je, wajua kwamba nyumba ya ekseli ikiwa ya chuma cha kusubu haifai kuchomelewa ovyo? Chuma hicho kina kaboni nyingi. Kikipoa haraka hupasuka pembeni mwa mshono. Tumia yubolti, zile zile zinazofunga springi za lori la Fuso. Fremu ikihitaji kutolewa siku ya matengenezo, inatoka kwa spana.

Je, wajua kwamba flati baa ya milimita 50 kwa 10 ikisimamishwa kwa ubavu ni ngumu kupinda mara 25 kuliko ikilazwa? Ni chuma kile kile, kwa bei ile ile.

Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, linaonyesha jambo hilo kwa zege. Tazama paa lake lenye miavuli iliyogeuzwa juu chini. Umbo ndilo linalobeba.

Je, wajua kwamba paipu iliyofungika pande zote hushinda chaneli iliyo wazi kwa mbali sana katika kupinga kusokotwa? Kijiko kinapogonga kisiki kwa kona moja, fremu nzima husokotwa, na hapo ndipo skwea paipu inapostahili bei yake. Kwenye kona ongeza vipande vya pembetatu: fremu ya pembe nne hulala upande, pembetatu hailali.

Je, wajua kwamba kampuni ya JCB, ambayo mashine zake za njano ziko kwenye ujenzi mwingi wa barabara zetu, ilianza kwa kazi kama ya karakana za Gerezani, jijini Dar es Salaam? Mwaka 1945, katika mji wa Uttoxeter, Uingereza, Joseph Cyril Bamford alikodi gereji ndogo, akanunua mashine kuukuu ya kuchomelea kwa pauni 1, na kwa vyuma vilivyobaki vitani akaunda tela. Aliliuza sokoni kwa pauni 45 na kupewa mkokoteni mbovu juu yake. Akautengeneza mkokoteni huo, akauuza kwa pauni 45 nyingine. Mwaka 1953 alikuwa tayari anatoa trekta lenye kijiko mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Wanaopita karakana za Gerezani wakaziona ni kelele na cheche tu wanakosa kuona mengi.

Je, wajua kwamba rodi ya kuchomelea ya 7018 ikivuta unyevu huacha haidrojeni kwenye mshono, na mshono unaweza kupasuka saa kadhaa baada ya kazi kwisha? Kwa hewa ya Dar es Salaam, pakiti iliyoachwa wazi usiku kucha imeshaharibika. Rodi ya 6013 huvumilia zaidi.

Je, wajua kwamba maziwa hayaondoi moshi wa zinki mapafuni? Paipu ya mabati ikichomelewa hutoa moshi unaoleta homa na baridi usiku huo huo. Kwangua zinki kwanza, fanya kazi penye upepo. Na miwani ya jua haizuii mwanga wa kuchomelea kuunguza macho. Vaa kofia yenye kioo cha kazi hiyo. Vijana wengi wanaofanya kazi kandokando ya mitaa yetu hawana, na anayewaajiri anapaswa kuwanunulia.

Je, wajua kwamba silinda ya haidroliki yenye kipenyo cha milimita 50, kwa shinikizo la baa 100, husukuma kwa nguvu ya karibu tani 2? Tundu dogo kama la sindano kwenye hosi yake linaweza kuingiza oili chini ya ngozi. Tafuta uvujaji kwa kipande cha boksi, usitumie kiganja. Aliyechomwa na oili apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Je, wajua mahali ufa unapojitokeza kwanza? Mara nyingi ni pale mshono unapoishia. Paka rangi ya kung'aa, jaza kijiko nusu, fanya kazi saa chache, kisha kaza bolti zote upya na uangalie miisho ya mishono kwa tochi. Rangi ikiwa na mstari mwembamba wa kutu, chini yake chuma kimeshaanza kuachana.