Kuchagua lenzi ya zumu ya bei nafuu kwa utafiti wa lugha

Mwanafunzi wa lugha anayekwenda uwanjani leo hubeba kinasa sauti, na mara nyingi kamera pia. Kamera ina kazi yake ya kiisimu. Msimulizi akisema “pale” kisha “kule” huku akinyoosha kidole, sauti peke yake haituambii mkono ulielekea wapi. Katika Kimangbetu, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, kuna konsonanti zinazotamkwa kwa kutetemesha midomo. Katika lugha kadhaa za eneo hilo zimo pia kp na gb, ambazo hufunga midomo na sehemu ya nyuma ya ulimi kwa wakati mmoja. Ili data hizo ziwe na maana, midomo na mikono vionekane vizuri, na jambo hilo linategemea lenzi kuliko kamera yenyewe.

Wengi wetu tunapata kamera ndogo zisizo na kioo, zenye kihisi cha APS-C, chenye upana wa takriban milimita 23. Kwa sababu kihisi hicho ni kidogo, picha hubana. Kwenye kamera za Sony, Fujifilm na Nikon tunazidisha kwa 1.5, na kwenye Canon kwa 1.6. Hivyo lenzi ya 18-50mm huona kama 27-75mm ingeonavyo kwenye kihisi kikubwa. Upande wa 18 unaingiza watu watatu waliokaa kwenye mkeka. Upande wa 50 unatoa uso wa mtu mmoja.

Mwanga kwanza

Kamera nyingi za Sony za aina hii huuzwa pamoja na lenzi ya 16-50mm f/3.5-5.6. Namba baada ya f inaonyesha ukubwa wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga mwingi unapita. Mchana barazani lenzi hiyo inatosha kabisa. Lakini sehemu nyingi hadithi husimuliwa usiku, na umeme ukikatika inabaki taa ya betri. Ukivuta zumu hadi 50, tundu linabana hadi f/5.6. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne zaidi.

Katika video hatuwezi kufidia kwa kuacha tundu wazi kwa muda mrefu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ili taa zisionekane kupepesa tunarekodi kwa sekunde 1/50. Mwanga ukipungua, kamera inalazimika kupandisha ISO, picha inajaa chembechembe, na midomo inapotea katika giza. Mzee aliyesimulia jana hatasimulia vilevile kesho.

Lenzi tatu

Hapa ndipo kampuni zisizotengeneza kamera hizo zinapotusaidia, hasa Sigma na Tamron za Japani.

Sigma 18-50mm F2.8 DC DN ilitoka mwaka 2021. Ina uzito wa takriban gramu 290, na f/2.8 haibadiliki unapovuta zumu. Ilipotoka iliuzwa Marekani dola 549. Haina kitulizi cha mtikisiko, kwa hiyo inataka miguu mitatu.

Tamron 17-70mm F2.8, ya mwaka huohuo, ina f/2.8 ileile, inafika mbali zaidi na ina kitulizi. Uzito wake ni gramu 525, na bei ya kwanza ilikuwa dola 799. Inamfaa anayerekodi akiwa amesimama: sokoni, kwenye matanga, kanisani.

Tamron 18-300mm F3.5-6.3 huvutia wengi kwa urefu wake. Lakini ikivutwa hadi mwisho inapitisha karibu moja ya tano ya mwanga wa f/2.8. Ni nzuri kwa ndege na mpira wa miguu. Msimulizi wetu yuko mita mbili mbele yetu.

Kwa kazi ya kukaa na msemaji, ninapendekeza Sigma. Miguu mitatu tunaihitaji hata hivyo, kwa sababu kitulizi hutuliza mkono wa mpiga picha tu, wala si mkono wa msimulizi. Tofauti ya dola 250 itasaidia kupata maikrofoni. Angalia kwanza kama kamera ina tundu la kuichomeka: Sony a6400 inalo, a6000 haina. Asiye nalo arekodi sauti kwa kinasa na kupiga kofi moja mbele ya kamera, ili baadaye alinganishe sauti na picha.

Kabla ya kulipa

Jambo la kwanza ni kifungio, yaani sehemu ya chuma inayounganisha lenzi na kamera. Lenzi ileile hutengenezwa kwa vifungio tofauti, na ya Sony haiingii kwenye Fujifilm. Soma jina la kifungio kwenye kamera yako na kwenye boksi.

Ukinunua iliyotumika, nenda na kamera yako. Mulika taa ya simu ndani ya lenzi: nyuzi kama za buibui ni kuvu, iache. Vumbi kidogo halidhuru. Zungusha zumu kutoka mwanzo hadi mwisho, isikwame. Kisha rekodi dakika mbili za mtu anayezungumza karibu na dirisha, kwa f/2.8, huku akisogeza kichwa mbele na nyuma. Tazama video hiyo kwenye kompyuta, si kwenye kioo kidogo cha kamera. Kama unaweza kutofautisha p na b ya kwanza ya neno na kp kwa kuangalia midomo tu, bila shaka umezidisha matumaini. Lakini kama huoni hata midomo inapofunga na kufunguka, lenzi hiyo haifai kwa kazi yetu.