Moshi, Ufunguo na Chumba chenye Mlango Mmoja

Tarehe 3 Septemba 1991, mpira wa mafuta ya mashine ulichomoka karibu na karai kubwa la kukaangia katika kiwanda cha kusindika kuku mjini Hamlet, North Carolina, Marekani. Mafuta yalishika moto na wafanyakazi 25 walifariki. Wengi wao hawakuuawa na miali ya moto bali na moshi. Baadhi ya milango ilikuwa imefungwa, eti kuzuia wizi wa kuku. Wako waliokimbilia chumba cha ubaridi, na moshi ukawafuata humo.

Kitabibu, hilo si ajabu. Katika chumba kisichopitisha hewa, moto hukosa oksijeni ya kutosha, hivyo huzalisha kwa wingi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Sponji, nailoni na sufu vikiungua huongeza sianidi, ambayo huzuia seli kutumia hata oksijeni kidogo iliyobaki. Mtu huumwa kichwa, huchanganyikiwa, kisha miguu humlegea. Katika moshi mzito haya yote hutokea ndani ya dakika chache. Akili ya kutafuta ufunguo humtoka kabla ya pumzi.

Kwa sababu hiyo, masharti ya milango ya dharura, ambayo mameneja wengi huwaachia mafundi ujenzi, mimi huyahesabu pamoja na chanjo. Kanuni za Marekani hudai kwa kawaida njia zisizopungua 2, zilizoachana kiasi kwamba moto ukiziba moja, nyingine ipitike. Mlango sharti ufunguke kwa ndani wakati wote bila ufunguo wala kifaa. Chumba kinachochukua watu zaidi ya 50, au chenye vitu viwakavyo upesi, mlango wake ufunguke kuelekea upande wa kutokea, maana umati unaosukumana hauwezi kurudi nyuma ili kuuvuta. Katazo la kuwafungia wafanyakazi lilikuwapo kabla ya Hamlet. Lakini kiwanda kile hakikuwa kimekaguliwa hata mara moja katika miaka 11.

Anayeokolewa apewe oksijeni nyingi kwa barakoa mara moja. Kipimo cha kidoleni kisituridhishe, kwani hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mkaguzi mamlaka ya kuingia na kukagua. Ninachokihofia zaidi ni stoo iliyo ndani ya stoo: mlango mmoja, dirisha lenye nondo, kufuli nje na mlinzi aliyekwenda kula. Msimamizi anayetaka kukijua chumba chake azime taa mchana wa kazi, kisha awaombe waliomo watoke bila kumwita mtu yeyote.